Gunia, tuta, beseni au duara la ndizi: bustani ipi itakulisha Januari?

Bustani zote hupendeza mwezi wa nne. Mvua za toggo, msimu wa kwanza wa mwaka, zimeshika, udongo mwekundu umelainika, na hata mbegu ya nyanya iliyomwagwa pamoja na maji ya vyombo huota yenyewe nyuma ya jiko. Ndiyo maana picha nyingi za bustani ambazo watu hutumiana kwa simu zimepigwa Aprili na Mei. Mimi siku hizi napima bustani kwa mwezi mwingine: Januari, vumbi la barabara ya Gulu likiwa limetanda juu ya majani, bomba likitoa maji usiku tu, na fungu la nakati, mboga yetu ya majani, sokoni limepungua hadi linaenea kiganjani.

Naishi Bombo, kaskazini mwa Kampala, mji ambao Kiswahili husikika kuanzia kambi ya jeshi hadi kwenye magenge ya mboga. Kwa miaka zaidi ya kumi nimelima kwa njia nne. Nilianza na magunia nikiwa mpangaji wa chumba kimoja, muzigo kama tunavyosema. Nilipopata kiwanja cha futi 50 kwa 100 nikajaribu matuta ya kuinua, kisha vitalu vilivyozama, ambavyo nyumbani tunaviita mabeseni kwa umbo lake, na mwishowe duara la ndizi, yaani migomba kuzunguka shimo la taka na maji machafu. Kiwanja hicho ni kama desimali 11 na nusu, desimali ikiwa sehemu ya mia ya eka. Ukiondoa nyumba, choo, bafu la nje, kamba ya nguo na pa kugeuzia boda, bustani inabaki kipande ambacho mtu mmoja anakimaliza kwa jembe asubuhi moja.

Shida yetu mara nyingi si uhaba wa mvua, ni mvua isiyoshika ahadi. Huku kusini tunategemea misimu miwili, toggo ya Machi hadi Mei na dumbi ya Septemba hadi Novemba au Desemba. Kaskazini, Gulu na Kitgum, ni msimu mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba hivi, halafu kiangazi kisichotaniwa. Ndivyo tunavyofundishwa. Lakini mwisho wa 2016 dumbi ilituangusha, na 2017 viwavijeshi vikaja kumalizia mahindi yaliyosalia. Mwisho wa 2019 mvua ikazidi, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda hadi kuipita rekodi ya mwaka 1964. Aliyejenga bustani ya ukame baada ya 2016 alizama 2019. Aliyeijenga ya mafuriko naye aliungua kiangazi kilichofuata.

Huu ndio mpangilio wa haraka kabla sijaingia ndani:

| Njia | Inamfaa nani | Mvua ikizidi | Mvua ikikosa |
|---|---|---|---|
| Gunia, au bora ndoo | Mpangaji, ua wa saruji | Halisumbuki | Linataka maji kila siku |
| Tuta la kuinua | Penye majimaji, bondeni | Ndiyo nguvu yake | La kwanza kukauka |
| Beseni | Penye udongo wa kina, tambarare au mteremko mdogo | Hugeuka bwawa usipoliwekea mlango | La mwisho kukauka |
| Duara la ndizi | Mwenye kiwanja na maji machafu ya kumwaga | Hunywa tu | Huishi kwa maji ya bafu |

Hesabu ya jerikeni kwanza

Kabla ya kununua mbegu, fanya hesabu hii. Jua la hapa, kitalu kikiwa kimejaa mboga, huondoa kama milimita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kitalu cha mita 1 kwa 3 basi kinataka lita 12 hadi 15 kila siku isiyo na mvua, jerikeni moja ya lita 20 isiyojaa. Vitalu vinne ni jerikeni tatu kwa siku, karibu 20 kwa wiki. Sasa nani atazibeba? Jibu la swali hilo litakuchagulia bustani kuliko ushauri wangu wote.

Wengi hujibu kwa tangi. Tangi ni zuri, silipingi. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 10 ikipiga, linakupa lita 480. Toa sehemu ya tano ya kumwagika na kuvuja, zinabaki kama 380, jerikeni 19 za bure kwa mvua moja ya mchana. Lakini tangi la lita 1,000 kwa vitalu vinne linaisha kwa wiki mbili na nusu, tatu ukibana. Kiangazi kina miezi miwili. Tangi hilohilo kwa kitalu kimoja linakupeleka siku 66, yaani kutoka Krismasi hadi mwisho wa Februari.

Hapo ndipo nilipobadilika. Nilikuwa nalima vitalu sita mwaka mzima na kulaumu anga. Sasa nalima sita wakati wa mvua na kimoja au viwili kiangazi, na vile vingine navifunika majani makavu vilale. Nikilinganisha njia yoyote leo naangalia kama inakubali kusinyaa bila kufa.

Gunia

Gunia ndilo lililonifundisha kulima, na ndilo nililoachana nalo bila majuto. Unachukua gunia la nailoni la kilo 100, unasimamisha katikati mkebe mkubwa uliotobolewa juu na chini, unaujaza kokoto, unazungushia udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokaa, halafu unavuta mkebe juu kadiri unavyojaza. Unabaki na mnara wa kokoto unaopeleka maji hadi chini. Mbavuni unatoboa matundu na kupanda sukuma wiki. Langu lilichukua miche 30, na juu vitunguu vya majani.

Chakula kilipatikana, tena kingi kwa mahali padogo kama beseni la kufulia. Kuku wa jirani walishindwa kulifukua, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mapishi yote ya mbolea. Lakini gunia linapigwa na jua na upepo pande zote. Langu lilikunywa lita 5 asubuhi na 5 jioni, na nikisafiri siku mbili Januari, miche ya juu ilikuwa imelala huku ya chini ikiwa na matope. Baada ya mwaka na kitu, jua lililila nailoni. Ukiligusa linatoa nyuzi kama nywele, na nyuzi hizo zinabaki udongoni. Ardhi ya nchi hii ina kaveera, mifuko ya plastiki, ya kutosha tayari. Ukilichagua, lifunike kitambaa kizee upande wa jua la jioni, na lizoe kabla halijachanika.

Na wanaosema gunia unahama nalo, hao hawajawahi kulibeba likiwa limenyeshewa. Mwenye nyumba wangu mmoja alipopandisha kodi ghafla, tulikuwa wanaume wanne tukilisukuma moja kupanda pikapu, na lilipasuka. Kama unahamahama, jaza ndoo mbovu na jerikeni zilizokatwa ubavu. Mtu mmoja anabeba, na zinafanya kazi ileile.

Tuta la kuinua

Hili nitalipita upesi. Linapendwa sana kwa sababu linaonekana la kisasa: matofali pembeni, udongo mweusi ndani, mistari imenyooka. Kama uko Bwaise au popote maji ya mvua yanapoingia uani, usihangaike na kingine; inua sentimita 30 au zaidi, na nyanya, karoti na vitunguu vitakushukuru kwa sababu mizizi yake haipendi kusimama majini. Hapa kwangu, juu ya mteremko, tuta lilikuwa kosa langu la gharama kubwa. Matofali ya kuchoma hunyonya maji kutoka kitaluni na hutunza joto hadi magharibi. Nikajaribu mbao, mchwa wakazila kabla ya msimu wa pili. Kufikia katikati ya Januari tuta lilikuwa limepasuka nyufa za kuingiza kidole.

Haboba, bibi yangu mzaa mama, alisimama akaliangalia, fimbo mkononi.

"Umemzika nani hapa?"

"Haboba, hii ni bustani."

"Ya Aprili," akasema. "Januari utatupikia matofali?"

Yeye maisha yake yote amepanda chini, si juu. Bamia na mlenda wake hukaa kwenye vishimo vipana nyuma ya bafu, na sikumbuki mwaka aliokosa cha kuweka sufuriani. Nilikuwa nimeviona vishimo hivyo tangu utotoni nikidhani ni uvivu wa kusawazisha.

Beseni

Beseni ni kitalu ambacho uso wake uko chini ya ardhi iliyokizunguka. Unachora mita 1 kwa 3, ndefu ikilala kukata mteremko, si kuufuata. Unaondoa udongo wa juu, ule mweusi, unauweka upande wa kulia. Unachimba tena hadi sentimita 40 au 50, udongo mwekundu wa chini unaurundika upande wa bondeni kuwa ukingo. Ndani unakanyaga majani makavu ya migomba, mabua, nyasi, hata makaratasi yasiyo na plastiki, kisha samadi, kisha unarudisha udongo mweusi. Ukimaliza, uso ubaki chini kama kiganja kimoja, sentimita 10 hadi 15. Kazi ya siku moja na nusu kwa kitalu, na mgongo utakumbuka.

Faida yake iko katika mambo mawili. Mvua ndogo ya kiangazi, ile inayolowesha vumbi na kuondoka, kwenye tuta inapotea lakini kwenye beseni inajikusanya, kwa sababu ukingo na ardhi ya juu yake huielekeza humo. Na upepo mkavu hupita juu. Ukiweka mkono ndani saa nane mchana unasikia tofauti. Yale majani yaliyozikwa hufanya kazi ya sifongo. Kitalu changu cha beseni, kikiwa na matandazo, nakimwagilia siku moja naacha mbili, jerikeni moja kila mara. Tuta la ukubwa uleule lilidai karibu jerikeni kila siku.

Hatari yake niliiona Novemba 2019. Ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikakuta nakati yangu ya wiki tano iko chini ya maji, vyura wawili juu ya ukingo wakiniangalia kama mimi ndiye mgeni. Kwa siku tatu maji hayakushuka, ya nne majani yakawa manjano, ya sita nikang'oa kila kitu. Ningeweza kurudi kwenye tuta. Badala yake nilikata mlango.

Mlango wa beseni ni mfereji upana wa jembe, kwenye ukingo wa bondeni, ambao kina chake kinalingana na uso wa kitalu. Mvua zikishika naufungua, maji ya ziada yanatoka na kuelekea kwenye migomba iliyo chini yake. Dumbi ikielekea kuisha, Desemba ya mwanzo, naufunga kwa bonge la udongo na tofali moja lililovunjika. Ni kazi ya dakika tano, na tangu hapo kitalu kimoja kimepita misimu mibaya ya aina zote mbili. Sijaona njia nyingine kati ya hizi inayobadilika hivyo bila kununua chochote.

Tahadhari mbili. Penye changarawe au mwamba wa karibu utachimba bure. Weka tuta la chini lenye majani mengi ndani. Na kwenye miteremko mikali ya Elgon au Kasese si pa kuchimba mashimo ya kuzamisha maji ukutani mwa mlima. Bududu, huko Elgon, ilipoporomoka Machi 2010 ni mvua iliyokuwa imeingia ardhini. Huko bora mistari ya matete inayofuata usawa wa mlima, na wakazi wa kando ya mto Nyamwamba wa Kasese, uliofurika 2013 na tena 2020, wanajua bustani ya ukingoni ni ya kuazima.

Duara la ndizi

Nyumba ya watu sita kama yangu humwaga jerikeni tatu hivi za maji ya kuoga na vyombo kila siku. Zamani yalikwenda barabarani na kuleta maneno na majirani. Sasa yanakwenda kwenye shimo la mita 2 upana na karibu mita 1 kina, lililojazwa takataka zote zinazooza: maganda ya matoke, majani, vumbi la ufagio. Udongo uliotoka umezunguka kuwa ukingo, na juu yake ipo migomba minne na mipapai miwili. Shimo linashuka kadiri vitu vinavyooza, nawe unaongeza. Miaka yote hii sijawahi kulifikisha mwisho.

Kama una kiwanja chako, anza na hili kabla ya kitalu chochote. Linachukua muda, mwaka au zaidi kabla ya mkungu wa kwanza, lakini ndilo pekee ambalo kiangazi hakilitishi, kwa sababu watu huoga hata Januari. Chini ya migomba, upande wa kivuli, natunza marando ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, Kabode, moja ya aina zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Namulonge mwaka 2007. Jirani zangu mvua ikirudi Machi wanazunguka kutafuta marando ya kupanda. Yao yalikaukia shambani. Mimi nakata tu.

Maji yenye dawa ya kupausha nguo usiyapeleke huko, na sabuni nyingi za kufulia zipishane na maji safi au mvua. Mboga za kuliwa mbichi usizinyweshe maji haya kabisa.

Kuna pia kiwotoka, mnyauko wa bakteria wa migomba ulioonekana nchini mwaka 2001 upande wa Mukono. Unapita kwa nyuki na wadudu wanaotembelea lile ua la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, na kwa mapanga yetu wenyewe. Mkungu ukishafungua vichane vyake vyote, livunje ua hilo kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Panga lipitishe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na chipukizi la bure kutoka kwa shemeji uliangalie mara mbili, pamoja na mama yake lilikotoka. Kukataa zawadi ya shemeji ni kazi, najua.

Bustani ya tundu la ufunguo

Hii imejulikana sana kupitia Lesotho: duara la mawe lililoinuka hadi kiunoni, kikapu cha taka katikati, na njia nyembamba ya kukifikia, hivyo ukiitazama toka juu inafanana na tundu la kitasa. Nilimsaidia shangazi kuijenga Luwero. Kwa mwenye magoti mabovu, hakuna inayoifikia, kwani analima akiwa amesimama au ameketi kwenye kiti. Kwa mwingine yeyote ni mawe mengi kwa mboga chache, na mchwa wetu walikila kikapu chake mwaka wa kwanza. Kama mawe hayapo, usiende kununua matofali kwa ajili yake. Kila tanuru la matofali limemeza mti wa mtu.

Cha kupanda: sukuma wiki au za asili

Beseni zuri lenye mboga isiyofaa bado litakupa njaa. Watu wengi hupanda sukuma wiki kwa sababu ukishaipanda unachuma miezi. Ni kweli, na kwenye mvua siikatai. Januari hukusanya vidukari chini ya majani na viwavi vidogo vya kijani, na unajikuta unanunua dawa kwa ajili ya mboga ya elfu mbili. Tena haitoi mbegu kwa urahisi kwenye joto letu, hivyo kila msimu uko dukani.

Dodo, au mchicha, iko tayari kwa wiki 3 hadi 4. Jobyo, mgagani kwa Kiswahili cha pwani, wiki 4 hadi 6. Hizi mbili hutumia jua kali vizuri, namna moja na mahindi na mtama, na muda wake mfupi ndio bima yako: mvua ikikatika wiki ya tano umeshakula. Nakati ni tamu kuliko zote, hapo sibishani na Muganda yeyote, lakini inataka wiki 6 hadi 8 za unyevu, na ikikauka hukimbilia maua na kuwa chungu. Niliihamishia kwenye beseni peke yake, upande unaopata kivuli cha papai baada ya saa tisa. Mlenda na bamia huvumilia joto, na majani ya kunde, boo kwa ndugu zetu wa Gulu na Lira, huvumilia zaidi. Majani ya maboga nayo yanajifunikia ardhi yenyewe, matandazo yanayoliwa.

Ningelazimika kuchagua tatu za kiangazi: kunde, mlenda, dodo. Za mvua: nakati, sukuma wiki, nyanya chungu. Usitandaze dodo zote siku moja. Gawa mbegu mafungu matatu, changanya na mchanga, mwaga kila baada ya wiki mbili. Mvua ya kwanza ya Machi mara nyingi ni ya kudanganya, inanyesha siku mbili na kutoweka wiki mbili. Watabiri wa hali ya hewa wa serikali hutoa utabiri wa kila msimu, na mimi huusoma, lakini mafungu matatu hunisaidia hata utabiri ukipita kushoto.

Kuhusu mbegu za kununua na za kuhifadhi, sina maneno mengi. Duka moja la pembejeo liliniuzia pakiti ya nyanya yenye picha ya kupendeza ambayo haikuota hata mche mmoja, na muuzaji akanilaumu mimi kwa kumwagilia. Tangu siku hiyo naiachia nakati miche mitano bora izae matunda mekundu, nayaponda, naosha mbegu, naanika kivulini. Kunde naihifadhi kwenye chupa kavu pamoja na majivu ya jikoni ili isibunguliwe. Nyanya chotara bado nanunua, kwa kuwa mbegu zake ukizirudia hazikupi mama yao.

Matandazo nayo yana mjadala wake, kwa sababu ya mchwa. Wengine huacha kufunika ardhi wakiwaogopa. Niligundua mchwa wangu wanapenda majani makavu kuliko miche mibichi. Wanapokosa makavu ndipo wanapokata mche. Kwa hiyo natandaza majani ya migomba manene, naacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, na ninapoona vichuguu vipya nageuza matandazo kuku waingie dakika kumi chini ya ulinzi mkali.

Kwako wewe

Mpangaji wa Katwe au Kisenyi mwenye ua wa saruji: ndoo na jerikeni zilizokatwa, si gunia, na upande dodo na vitunguu vya majani. Mwenye nyumba anayeingiliwa na maji: tuta, halafu duara la ndizi upande wa juu kama nafasi ipo. Mwenye futi 50 kwa 100 kwenye udongo mwekundu wa Bombo, Wobulenzi au Mukono: duara la ndizi mwaka huu, beseni moja lenye mlango, la pili msimu ujao, na usifike la tano kabla hujaivuka Januari ya kwanza. Aliye Arua au Gulu, kiangazi chake ni kirefu kuliko changu, kwa hiyo mabeseni yake yazame sentimita chache zaidi na kunde ichukue nafasi niliyoipa nakati.

Na chochote utakachochagua, zungushia senyenge au miiba kabla ya kupanda, si baada. Mbuzi wa jirani yangu alimaliza sukuma wiki 40 kwa muda niliotumia kunywa chai.